Kabla ya mtihani wa riwaya ya George Orwell, 1984, weka haya sawa

Pata kitabu chenyewe. Muhtasari unaozunguka kwenye WhatsApp utakupa majina ya wahusika, basi. Anza mapema, soma mchana, maana mshumaa na herufi za fotokopi havipatani.

Halafu hesabu kurasa. Hapa msinipuuze. Bukavu wengi tunasoma nakala ya nakala, na nimeona kikundi kizima cha wanafunzi wa Kiingereza, watu wa bidii, wakikwama mbele ya profesa kwa sababu ya karatasi chache tu. Mwenzao aliyepeleka kitabu fotokopi alimwambia kijana wa mashine akomee pale hadithi inapoishia, waokoe franka. Kweli inaishia pale: Winston Smith, mhusika mkuu, yuko mkahawani, ameshavunjwa, anampenda Big Brother, kiongozi wa chama kinachotawala. Lakini baada ya hapo Orwell aliweka kiambatisho juu ya Newspeak, lugha ya chama. Profesa akauliza: je, chama kilitawala milele? Ndiyo, wakajibu mmoja baada ya mwingine, kama kwaya. Kiambatisho kinasemaje? Kimya. Wengine hawakujua kwamba kipo.

Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kwa Kiingereza cha kawaida, kile kile ambacho Newspeak ilikusudiwa kukizika. Wapo wachambuzi wanaosema hiyo ni ishara kwamba utawala ule ulikwisha anguka; wapo wanaokataa. Chagua upande wowote, mradi umekisoma. Na usikiite nyongeza ya bure: klabu kubwa ya vitabu ya Marekani ilitaka kiondolewe, pamoja na kile kitabu cha Goldstein, adui wa chama, kilichomo ndani ya riwaya, na Orwell akakataa huku akijua anaweza kupoteza fedha nyingi.

Sehemu za riwaya ni tatu, wizara ni nne, na kila wizara hufanya kinyume cha jina lake. Hayo yakae kichwani.

Kwenye insha, shika tukio dogo ulibane. Mgao wa chokoleti unatangazwa kushuka kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki. Kesho yake watu wanaandamana kumshukuru Big Brother kwa kuupandisha hadi 20! Aya moja juu ya hapo inazidi kurasa mbili za "udikteta ni mbaya", ambazo profesa amekwisha kuchoka nazo.

Kwenye mjadala lazima mtu atamtaja Mobutu. Sawa. Uso wake ulikuwa ukishuka kutoka mawinguni kabla ya habari za televisheni, na kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa MPR, chama chake, apende asipende. Linganisha, ila usiandike kwamba Orwell alimtabiri. Kitabu kilitoka 1949, mwandishi akafa Januari 1950, Mobutu akachukua madaraka 1965. Orwell alikuwa na Stalin mbele ya macho, na Uingereza yake ya vita na mgao wa chakula.

Wakubwa wa leo waache nje ya mjadala kama huwajui vizuri wote mlioketi nao. Wiki ya mtihani usimwazime mtu nakala yako, hata binamu. Beba kalamu mbili. Simu izime kabisa, si kuinyamazisha tu, na aliyekaa nyuma yako akikuita kwa mnong'ono, usigeuke.