Kuchambua Vitisho vya Mtandao: Kutoka Orodha ya Anwani Hadi Hoja Inayosimama

Vijana wanaoanza kazi kwenye vitengo vya usalama wa mtandao hunitumia ripoti zao nizipitie, na nyingi zinafanana: jedwali refu la anwani za IP, majina ya domeni (majina ya tovuti) na hashi za faili (alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye faili), juu yake pameandikwa "Ripoti ya Vitisho". Hiyo bado ni malighafi. Kazi ya mchambuzi imepita hatua kadhaa tangu miaka ya 1980, na kila hatua iliacha kifaa ambacho hadi leo hakina mbadala. Hapa ofisini kwetu Mombasa nawafundisha wageni wa kazi kwa kufuata mpangilio huohuo.

Kabla hujafungua logi yoyote, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, andika swali kwa mstari mmoja, na umjue atakayesoma jibu. Fundi wa zamu anataka kujua azuie nini usiku huu. Meneja wa sacco anataka kujua kama pesa za wanachama ziko hatarini na kama afunge huduma ya kutoa pesa kwa simu hadi asubuhi. Wanafunzi wangu hupenda kuanza na "Nani katushambulia?" Kwa ofisi nyingi za kwetu swali lenye faida ni "Akirudi, atapitia wapi?"

Andika ulichokiona, tenga unachodhani

Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia kompyuta za Maabara ya Lawrence Berkeley kule California, aliambiwa atafute sababu ya upungufu wa senti 75 kwenye hesabu za matumizi ya mitambo. Akagundua kuna mgeni ndani. Badala ya kumfukuza, alifunga mashine za kuchapa kwenye laini za mawasiliano ili kila herufi aliyoandika mdukuzi itoke kwenye karatasi, naye akawa anaweka kumbukumbu ya saa na matukio. Mkondo huo ukaishia Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kundi lililokuwa likiiuzia KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, kile lilichopata. Stoll hakuwa na programu ya kisasa hata moja. Alikuwa na kumbukumbu safi.

Mimi natumia daftari la jalada gumu. Napiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto "Nimeona", kulia "Nadhani". Tuseme logi ya VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali, inasema akaunti ya mhasibu imeingia saa 23:14 tarehe 9, kisha dakika tatu baadaye imefungua folda ya mishahara. Kwanza angalia seva inaandika saa za wapi. Ikiwa ni UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwetu tayari ilikuwa saa nane na dakika 14 usiku, tarehe 10. Ukikosea hapo utamhoji mlinzi wa zamu ambayo haihusiki. Kushoto naweka saa zote mbili, jina la akaunti, anwani ya IP, kifaa na folda. "Nywila ya mhasibu imeibwa" inakaa kulia. Hata "mdukuzi yuko Uholanzi" inakaa kulia, kwa sababu ulichokiona ni anwani iliyosajiliwa Uholanzi, na aliyeikodi anaweza kuwa hapa Likoni.

Orodha ina umri wake

Baada ya mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, kuangusha maelfu ya kompyuta Novemba 1988, kituo cha CERT cha kushughulikia dharura za kompyuta kilianzishwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hii ikawa kutangaza udhaifu na kusambaza orodha za vitu vya kuzuia. Februari 2013 kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant ilitoa ripoti yake kuhusu kundi la wadukuzi la APT1, ikalihusisha na Kikosi 61398 cha jeshi la China mjini Shanghai, na ikatoa viashiria (alama za mdukuzi kama anwani, domeni na hashi) zaidi ya 3,000. Mwaka huohuo mchambuzi David Bianco alichora piramidi ambayo kila mchambuzi anapaswa kuibandika ukutani. Chini kabisa aliweka hashi, juu yake anwani za IP, kisha domeni, mabaki yanayoachwa kwenye mitambo, zana, na kileleni tabia za mshambuliaji. Badilisha baiti moja tu ya faili, hashi yote inabadilika. Kukodi seva nyingine ni kazi ya dakika chache. Namna mtu alivyozoea kufanya kazi ndiyo inayomgharimu kubadilisha.

Basi tumia orodha, lakini kila kiashiria kipe tarehe ya kuisha. Anwani ya IP mimi huipa siku 30, kisha naipima upya. Na kabla ya kuzuia anwani ya kampuni ya simu, kumbuka wateja wengi wa simu za mkononi hutumia kwa pamoja anwani moja ya nje. Utamzuia mwizi mmoja pamoja na wanachama mia wanaotaka kulipa mikopo yao.

Kutoka hapo panda kileleni. Shirika la MITRE la Marekani lilianza kujenga ATT&CK, orodha ya mbinu za washambuliaji, mwaka 2013 na kuifungulia umma mwaka 2015, na ni bure. Chukua safu ya "Nimeona", ipe kila tukio namba yake: T1566 kwa ujumbe wa hadaa, T1078 kwa kutumia akaunti halali. Halafu jiulize: kesho akija na anwani mpya na faili mpya, nini bado kitamfichua? Kwa mfano wetu, ni kuingia usiku kwa kifaa kisichojulikana na kufungua mishahara muda mfupi baadaye. Hiyo iandike kama kanuni ya tahadhari, ukampe fundi wa zamu.

Shindanisha dhana

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuchukue tukio tunalolijua sote. Julai 2023 eCitizen, lango la serikali ya Kenya lenye huduma zaidi ya 5,000, lilielemewa na maombi ya bandia. Watu walishindwa kununua tokeni za umeme kwa M-Pesa, tiketi za treni ya SGR zikakwama, na wageni waliokuwa wakisubiri viza za mtandaoni wakaruhusiwa kuzipata wakifika. Eliud Owalo, waziri wa mawasiliano wa wakati ule, alithibitisha shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza Telegram, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Wakati ule wachambuzi wengi walisema hawa ni Warusi waliovaa jina la Sudan. Usikubali wala kukataa. Chora jedwali, kama alivyofundisha Richards Heuer wa CIA. Juu weka dhana: A, Wasudani wenye sababu zao, B, Warusi waliojificha, C, watu wanaotafuta jina na pesa kwa kushambulia. Kando weka ushahidi, na kwa kila kisanduku uliza kama unaipinga dhana hiyo. "Wametaja Sudan" haipingi yoyote, maana hata aliyejificha angesema hivyo. "Wameungana na Killnet", kundi linaloiunga mkono Urusi, nayo haipingi yoyote: Msudani anaweza kutafuta marafiki wenye nguvu. "Walidai fedha kutoka shirika la ndege la SAS" inaipandisha C, ila haiui A. Ushahidi unaokubaliana na dhana zote hauna uzito, hata uwe mwingi kiasi gani. Ukimaliza jedwali lile kwa uaminifu, jibu la Julai 2023 lilikuwa: hatuwezi kumtaja mtu. Lakini swali la "atapitia wapi?" lilijibika, na mwenye duka la kulipia bili angeweza kuandaa njia nyingine ya malipo bila kusubiri jina la mshambuliaji.

Oktoba 2024 mamlaka za Marekani ziliweka wazi mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, zikidai kundi hilo lilifanya mashambulizi zaidi ya 35,000 katika muda wa kama mwaka mmoja na kuwakodisha wengine zana yake. Mashtaka si hukumu, lakini jedwali linabadilika: B inashuka sana, A na C zinapanda pamoja. Ndiyo maana jedwali hutunzwa na halitupwi.

Kuna pia ushahidi uliopandwa makusudi. Programu hasidi iliyovuruga ufunguzi wa Olimpiki ya Pyeongchang, Februari 2018, ilikuwa na kichwa cha faili (maelezo ya mwanzoni mwa faili) kilichoghushiwa ili ionekane kazi ya Lazarus, kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky waliona kichwa hicho hakilingani na faili yenyewe. Mwaka 2020 Marekani ikawashtaki kwa shambulio hilo maofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi.

Taja kiwango cha uhakika

Mwaka 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia ni "uwezekano wa kuzingatiwa kwa uzito". Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa uchambuzi wa CIA, alipowauliza wenzake walimaanisha asilimia ngapi, majibu yalitoka 20 hadi 80, na wote walikuwa wameipitisha sentensi hiyohiyo. Kwa hiyo kubalianeni ofisini. Kwetu "yumkini kabisa" ni asilimia 90 na kuendelea, "inaelekea" ni kati ya 65 na 85, "nusu kwa nusu" ni 40 hadi 60. Jedwali hilo liwe ukurasa wa kwanza wa kila ripoti, ili meneja asikisie maana ya maneno hayo.

Mwisho weka rangi ya TLP, mfumo wa rangi wa kugawana taarifa, inayosema nani aruhusiwe kusoma. Nyekundu haitoki kwa waliotajwa, kaharabu ni kwa taasisi na wateja wake wanaohitaji kujua, kijani ni kwa jumuiya ya wenye kazi hii, na CLEAR ni kwa yeyote. Ripoti yenye kanuni za tahadhari huwa naigawa mara mbili: nakala ya kaharabu yenye majina ya akaunti na seva inabaki ndani, na ya kijani, isiyo na majina hayo, naipeleka kwa KE-CIRT, kituo cha taifa cha Kenya cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, na kwa wenzangu wa sacco nyingine siku hiyohiyo, kabla ya saa za kufungua.