Pikipiki ya cc 1000 kwenye njia za Unguja: namna ya kuiendesha ukafika

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Maskati. Baada ya shikamoo na kuulizia hali za nyumbani, akaja kwenye lile lililompigisha simu. Amepata Yamaha R1 ya mwaka 2015, pikipiki ya kimashindano ya cc 1000, mwenyewe anahama na anaiuza kwa bei ya kutupa. Je, aitie kwenye kontena pamoja na vyombo vya nyumbani? "Mjomba, wewe ndiye fundi. Nguvu zake si nyingi mno kwa njia zetu?"

Nikamwambia angojee, nitamwandikia. Swali hilo naulizwa sana gerejini kwangu Mwanakwerekwe, na jibu la mdomo husahaulika kabla mtu hajafika Amani. Kwa hivyo namjibu yeye na wenzake wote kwa pamoja.

Ndiyo, ni nyingi mno. Lakini sababu siyo ile watu wanayoitaja barazani, kwamba inakimbia hadi kilomita 299 kwa saa. Hayo ya 299 yalianzia kwa Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, iliyopita spidi 300, na baada yake watengenezaji wakakubaliana waishie 299. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kama lami ingenyooka kutoka kusini hadi kaskazini, pikipiki ya namna hiyo ingekimaliza kwa dakika 17. Hakuna atakayefika huko, basi tuiache hiyo.

Tatizo liko kwenye gia ya kwanza. R1 ile ina nguvu za farasi karibu 200 na uzito wa kilo 200 hivi ikiwa imejaa mafuta. Boxer 150 anayoendesha bodaboda ina farasi 12 hivi. Jifikirie umekalia Boxer kumi na sita zilizofungwa kwenye ekzosi moja. Kwa gia ya kwanza peke yake R1 inavuka spidi 140. Yaani unaweza kutoka Mjini mpaka Nungwi na usiwe na haja ya gia ya pili, na bado ukavunja sheria kwenye kila kijiji.

Na mkono wa binadamu ni ule ule. Ukiwa na Boxer ukaingia shimo, mkono ukatikisika, mafuta yakavutika kidogo, injini itapiga kelele tu na basi. Mtikisiko huo huo juu ya R1 unanyanyua gurudumu la mbele. Kosa lako ni lile lile, malipo yake ndiyo hayalingani.

Mie nimeendesha Yamaha R6 kwa miaka saba, nayo ni cc 599 tu. Mwaka 2016, mwanzo wa vuli, mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Mvua ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko ya masika inayomwagika kutwa, kwa sababu inayaleta juu mafuta yote yaliyodondoka kwenye lami miezi ya jua na haina nguvu ya kuyaosha. Nilikuwa natoka kwenye mzunguko, pikipiki bado imelala upande, nikavuta mafuta kama nilivyozoea siku za kiangazi. Gurudumu la nyuma likateleza nje, likashika tena kwa ghafla, na mie nikarushwa juu kama mtu aliyepigwa na fahali. Nilivunjika mtulinga, mkono shingoni wiki sita. Waliokuwepo wakasema nilikuwa nakimbia. Sikuwa nakimbia, spidi haikuwa imefika 40.

Kama bado hujanunua

Usitazame cc peke yake. Tazama nguvu zinakaa wapi. R6 injini ikiwa chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ni kama imelala, nguvu zake ziko juu kabisa, kwenye 14,000, na ukiifikisha huko kwa gia ya kwanza ushapita spidi 100. Sasa ichukue Yamaha MT-07, cc 689, injini kubwa zaidi lakini farasi 70 na kitu. Hiyo inakupa nguvu chini, pale unapozihitaji unapotoka nyuma ya daladala. Unakaa wima, shingo haikuumi, unaona juu ya paa za gari ndogo. Kawasaki Ninja 400 ina farasi 45 hivi na umbo la kimashindano analolitaka kijana, na kwa Unguja naiona inatosha na kubaki. Japani kwenyewe yaliko makampuni ya pikipiki hizi, leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Ukitaka zaidi unafanya mtihani mwengine. Wao wana lami kuliko sisi, na bado wameona haja hiyo.

Ukiamua kununua kubwa iliyotumika, inama uangalie tairi kabla hujapiga injini. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 0809 ni wiki ya 8 ya mwaka 2009. Niliwahi kuuziwa pikipiki yenye tairi hizo, kashata zake nzima, zinang'ara, na muuzaji akaniapia ni mpya. Mpira ulikuwa mgumu kama kwato. Tairi ya namna hiyo haishiki njia hata ikiwa na kashata zote, na farasi mia haziwezi kusimama juu yake. Kisha pitisha kidole kwenye vyuma vinavyong'aa vya shokapu za mbele. Kikitoka na mafuta, sili zimekufa. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki. Yakiwa na rangi ya kahawa, yabadilishe kabla hujaipanda, na baadaye yabadilishe kila miaka miwili.

Kama tayari unayo

Anza na mkono. Wengi wanashika mkono wa mafuta kama wanavyoshika mpini wa jembe, kiganja kimejaa na kifundo kimenyanyuka juu. Ukishika hivyo, kila tuta linakuvutia mafuta. Ushike kama unavyoshika bisibisi, kwa mshazari, kiwiko kimeshuka, kifundo kiko sawa na mkono. Uzito wako uubebe kwa magoti, ubane tangi, mikono ibaki imelegea kiasi mtu akikugusa kiwiko kiweze kucheza. Vidole viwili vikae juu ya breki ya mbele wakati wote mjini. Jizoeze haya umesimama, stendi iko chini, injini imezimwa, dakika kumi kila siku. Utaona ni kazi ya kitoto, lakini ndiyo iliyonirudisha mie njiani baada ya mtulinga.

Kama pikipiki yako ina vitufe vya kuchagua hali ya injini, iweke kwenye ile ya mvua miezi mitatu ya mwanzo, hata kama ni kiangazi. Mafuta yanafunguka kwa upole zaidi. Kama haina, jiwekee mpaka wako kwenye mshale wa mizunguko: bandika kipande cha utepe kwenye kioo pale penye 5,000 na usikivuke. Mjini tumia gia ya pili. Unapotoka kwenye kona, mafuta yangojee pikipiki isimame wima kwanza.

Kuna vijana wanakuja kwangu niwatilie spoketi kubwa ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, wakidhani itaipoza pikipiki kwa sababu spidi ya mwisho inashuka. Spidi ya mwisho inashuka kweli, lakini msukumo wa kuondokea unazidi na gurudumu la mbele linanyanyuka upesi zaidi. Siwatilii mpaka waelewe hilo.

Baada ya mkono, breki. Hapa nakaa kidogo, maana watu wanajifunza kuondoka na hawajifunzi kusimama. Tafuta kiwanja kitupu chenye lami, uombe ruhusa, uende asubuhi ya Jumapili kabla jua halijakuwa kali. Chukua vifuu viwili vya nazi. Kimoja kiweke pale utakapoanza kushika breki, cha pili hatua kumi kubwa mbele yake. Njoo kwa spidi 40, ukifika kifuu cha kwanza ushike breki ya mbele kwa kuikamua, kama unavyokamua tui kwenye kitambaa: kwanza polepole, shokapu ikishashuka ndipo unaongeza. Ya nyuma iguse tu. Macho yasiangalie gurudumu, yaangalie mbali mbele. Mwenye mkono mzuri anasimama kabla ya kifuu cha pili. Mara ya mwanzo utakipita, hilo si neno. Rudia mara ishirini.

Ukishaweza, usidhani kwa spidi 80 utahitaji umbali huo mara mbili tu. Spidi ikizidi mara mbili, njia ya kusimamia inazidi mara nne. Kutoka 40 ni mita tisa hivi kwenye lami kavu, kutoka 80 ni mita 35. Na hapo sijatia ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa spidi 80 inakula mita 22 kabla kidole hakijagusa breki. Jumla inapita mita 55. Mbuzi aliyelala pembeni mwa njia hakungojei mita 55.

Njia zenyewe

Njia ya Paje nzuri, nyeusi, inakuita. Lakini ukishapita Tunguu, kwenye miembe ya Bikhole pale Bungi, msimu wa maembe yanaanguka njiani na kupondwa na magari, na lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Mbele yake ni Jozani. Matuta ya pale yamewekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua kima punju, na mnyama huyo hapatikani popote duniani isipokuwa hapa kwetu. Pikipiki za kimashindano ziko chini, plastiki za tumboni zinakwaruza tuta ukienda haraka, kwa hivyo pita taratibu, na ukimwona kima mmoja amevuka jua wengine wako nyuma yake. Ukikaribia Paje kwenyewe, upepo wa kusi unasukuma mchanga mweupe juu ya lami. Kwa macho ni vumbi jembamba tu, ila tairi inaujua. Hapo usilale kwenye kona wala usishike breki ukiwa umelala.

Njia ya kaskazini, Mahonda mpaka Mkwajuni, hatari yake ni saa kuliko lami. Saa saba mchana skuli zinatoka, na jioni watoto wanatoka chuoni wakiwa wamebeba misahafu, wanavuka makundi makundi wakizungumza. Magharibi ikiingia, gari la ng'ombe linarudi na mchanga au kuni halina taa hata moja. Mie jua likizama pikipiki kubwa inalala, natoka na Vespa.

Pemba nimekwenda na R6 mara moja tu. Vilima na kona za kule ni raha ya moyo, lakini msimu wa karafuu watu wanaanika kwenye majamvi kandokando ya njia, na bibi anayegeuza karafuu zake amekupa mgongo. Pita ukiwa umepunguza hadi spidi ya baiskeli. Ile ni mavuno ya mwaka mzima.

Mjini, Darajani na Michenzani, joto litakusumbua kuliko nguvu. Injini hizi zimetengenezwa zipate upepo. Kwenye foleni kipimo kinapanda mpaka feni inawaka, na joto lote linakuja mapajani. Ikishafika nyuzi 105, zima, shuka, sukuma pembeni. Usipitie vichochoro vya Mji Mkongwe, usukani haukati vya kutosha, utakwama kona ya kwanza na kilo 200 mikononi.

Upepo wa tairi upime asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa R1 na R6 ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Ukirudi kutoka pwani ioshe pikipiki kwa maji baridi yasiyo chumvi siku hiyo hiyo, kisha upake cheni mafuta ikiwa bado ina joto. Helmeti, glavu na koti hazina mjadala, hata kwenye jua la kaskazi. Na usimpakie mtu miezi sita ya mwanzo, awe mke au rafiki. Kile kiti cha nyuma ni kidogo, mtu anakaa juu kama kuku juu ya ukuta, na uzito wake ndio unaoifanya mbele iwe nyepesi.

Mpwa wangu, R1 hiyo muachie mwenyewe. Ukija na Ninja 400, vifuu viko hapa gerejini nakungojea. Ukija na R1 pia nakungojea, tutaanza na dakika kumi za kushika mkono wa mafuta.

Na utakapoifikisha nyumbani kwa bibi yako, iegeshe ekzosi ikielekea ukutani. Wajukuu watakuja mbio wote kuishika, na ekzosi inabaki na moto nusu saa nzima. Chini ya stendi weka kibao, maana ua ule ni mchanga mtupu.