"They" ya mtu mmoja: namna ya kuitumia

Kazi yangu ni kuhariri barua na ripoti za Kiingereza za watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Kila kukicha nakutana na jambo lile lile: mwandishi hajui anayemtaja ni mwanamume au mwanamke, basi anaweka "he" na kuendelea na safari.

Tumia "they". Wanaodai ni mtindo wa juzi hawajui historia yake. Imetumika kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, na Shakespeare naye aliitumia. Katika maongezi iseme bila wasiwasi: "Someone left their phone."

Wengi hukwama kwenye kitenzi. "They" hudai kitenzi cha wingi hata mtu akiwa mmoja, ilhali nomino yake hubaki na cha umoja. Tazama hii: "The applicant has signed, but they have not paid." Mwombaji ni yule yule, "has" na "have" zimo katika sentensi moja, na zote ni sahihi. "They has" sikubali. Mbona "you are" humwambia mtu mmoja na hushangai?

Kwenye maandishi rasmi, mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, uliipokea waziwazi mwaka 2019. Shirika la habari la AP lilishairuhusu 2017, kwa tahadhari. Hata hivyo, mkataba ukienda kwa msomaji mkali, mimi huikwepa. "Each employee must submit his report" naigeuza "Employees must submit their reports" au, bora zaidi, "Each employee must submit a report". Kiwakilishi kimetoka na hakuna pengo. "He or she" mara moja haina shida. Ikirudiwa aya nzima inachosha. "S/he" naifuta papo hapo. Hebu jaribu kuisoma kwa sauti.

Kuwa macho palipo na watu wengi: "The manager told the workers they would be transferred." Nani anahamishwa? Rudia nomino, hata kama sentensi itarefuka.

Mtu akikueleza kiwakilishi chake, kifuate hicho hicho. "It" usimpe mtu mzima kamwe.

Na "themself"? APA inaikubali sawa na "themselves". Kwenye barua za ofisi mimi bado naandika "themselves", maana "themself" humfanya msomaji asimame kuitazama badala ya kuendelea na barua.