Manispaa inataka kuvunja kota ipandishe maghorofa? Fuatilia hivi

Wakuu, hii ni kwa wale mnaokaa kwenye nyumba za halmashauri, zile kota za vyumba viwili na kibaraza, au mmepakana nazo, halafu mtaani zimeanza tetesi kwamba eneo linabadilishwa matumizi yaje maghorofa. Niseme mapema, mimi maghorofa siyapingi. Ekari kadhaa katikati ya mji zikae na vijumba vya chini huku watu wanaamka saa kumi usiku kuwahi daladala kutoka Chanika huko pembezoni mwa Dar, hapana kwakweli. Ila mchezo wote unachezwa kwenye mchoro na masharti, buldoza likifika ujue vitu vilishasainiwa kitambo.

Anza na mwenye eneo. Watu wakisikia kota wanasema tu "za serikali", kumbe kuna za manispaa, za Shirika la Nyumba, za TBA (wakala wa majengo ya serikali), za reli, na kila mmoja ana mlango wake, unaweza ukamsumbua diwani miezi mitatu kumbe eneo hata sio la manispaa. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu kwa afisa ardhi, kisha lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue nani ameandikwa na kwa matumizi gani.

Halafu jua wanaomba nini hasa, maana hapa watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna kubadili matumizi, mfano hati inasema makazi wao wanataka makazi na biashara ili chini wapangishe maduka. Kuna kubadili ujazo, yaani panabaki makazi ila familia nyingi zaidi kwenye ardhi ileile. Na kuna kibali cha ujenzi, ambacho kinakuja mwisho na ndo watu wengi wanashtukia hapo, too late yaani. Mbili za kwanza zinaendeshwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na mpango wa kina wa eneo lenu lazima uendane na mpango kabambe wa jiji (ule mkubwa, master plan), kwahiyo omba kuona na mpango kabambe unasemaje hapo kwenu.

Tangazo likitoka gazetini au likibandikwa kwenye ofisi ya mtaa, lipige picha siku hiyohiyo ionekane tarehe na muda wa kuweka pingamizi. Pingamizi la mdomo kwenye mkutano wa mtaa ni kelele tu. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa afisa mipango miji, diwani na mwenyekiti wa mtaa. Peleka nakala mbili masijala, moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Ukiambiwa "iache tu hapo mama, ataiona", usiiache, kaa kwenye benchi mpaka ugongewe.

Sasa mchoro wenyewe, hapa ndo nataka mkae vizuri. Kwenye jedwali la pembeni mtakuta ploti reshio (sakafu zote zikijumlishwa ni mara ngapi ya kiwanja) na ploti kavareji (sehemu ya kiwanja inayokaliwa na jengo), wengi wanaziruka wanaenda kuangalia rangi. Tuseme eneo ni mita za mraba 5,000, ploti reshio ni 2, maana yake sakafu zote zikijumlishwa ni mita 10,000. Kavareji ikiwa asilimia 40 basi jengo linakalia mita 2,000 chini, kwahiyo zinatoka sakafu tano. Toa asilimia 20 ya ngazi, korido na lifti, zinabaki 8,000, gawa kwa flati za mita 50 unapata flati 160. Kama hapo zilikuwa kota 40 na kila nyumba watu wanne, mmetoka watu 160 mnaenda 640. Mtu akija kikaoni na hesabu hiyo kwenye karatasi, wataalamu wanabadilisha sauti, nakwambia.

Na hapo sasa uliza maji na majitaka ya watu 640 yanaenda wapi. Msikubali jibu la "DAWASA (mamlaka ya maji Dar) watashughulikia", ombeni barua ya DAWASA yenyewe iwe sehemu ya faili, pia cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na masharti yake. Angalieni Kariakoo, maghorofa yameota juu ya viwanja vya nyumba za chini na mvua ikinyesha kila mtu anajua kinachotoka kwenye chemba. Parking, sehemu ya watoto kucheza, gari la zimamoto linageuzia wapi, hayo yote yapo kwenye mchoro au hayapo.

Wakazi kurudi baada ya ujenzi ni suala lingine, na hapa mfano ni Magomeni Kota, Dar. Wale wakazi waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakakaa nje miaka, mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wajengewe, TBA ikajenga, Rais Samia akazindua Machi 2022. Kaya zilikuwa 644. Mimi naona kilichowasaidia ni kwamba walijulikana kwa idadi na majina, hakuna aliyeweza kusema hawa walikuwa 300 tu. Kwahiyo kabla hamjahama tengenezeni orodha, jina, namba ya nyumba, mkataba au risiti za kodi, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri kila ukurasa. Halafu mdai kwa maandishi: nani anarudi, anarudi kama mpangaji au mnunuzi, kwa bei ipi, na kodi ya kujisitiri huko nje analipa nani mpaka lini. Kama ni kununua, ulizeni hati za sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008, na mchango wa kila mwezi wa lifti na usafi utakuwa shilingi ngapi, maana kuna bibi atapewa flati ghorofa ya saba na pensheni haitoshi hata kulipia lifti.

Ombi linapita Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, linaenda Baraza la Madiwani, kisha linapanda ngazi ya ardhi mkoani au wizarani. Vikao vya kawaida vya baraza viko wazi, nendeni hata watano mkae nyuma kimya, diwani wenu akiwaona ataongea tofauti.

Mkishindwa kote mkataka mahakama, kumbukeni tangu mabadiliko ya 2020 kushtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Siku 90 ni nyingi mno kama mafundi washaanza kuezua, kwahiyo mkiona faili limefika baraza tu, muoneni wakili.