Mpe mhariri karatasi ya maamuzi pamoja na mswada

Mwandishi wa kitabu cha historia au wasifu anayemkabidhi mhariri mswada wake afanye vyema kuambatanisha karatasi moja au mbili zenye maamuzi aliyokwisha kuyafanya kuhusu tahajia, majina na tarehe, kwa sababu mhariri asiyejua kilichokusudiwa hulazimika ama kuuliza kila mara ama kubahatisha. Ikiwa kitabu kinahusu vita vya 1905 hadi 1907, amua mapema iwapo utaandika Majimaji au Maji Maji, kisha ushikilie ulichochagua hadi kwenye faharasa.

Yanayohitaji uangalifu zaidi ni maneno ya watu uliowahoji. Mzee wa Mombasa aliyesema "walipita ndia hii" hakukosea, bali alisema Kimvita, na mhariri aliyezoea Kiswahili sanifu anaweza kuligeuza neno hilo kuwa "njia" kwa nia njema kabisa, nawe ukaja kuligundua kitabu kimekwisha kuchapwa. Eleza kwenye karatasi hiyo kwamba nukuu zisiguswe, na kwamba penye shaka liachwe swali pembeni.

Maswali hayo ya pembeni yajibiwe yote, hata yanayoudhi. Mimi huyalaza usiku mmoja kwanza, maana jibu la hasira mara nyingi huwa ni utetezi wa sentensi mbovu. Unapokataa pendekezo, andika sababu yake kwa mstari mmoja, ili msoma prufu atakayefuata asilirudishe.