Kabla hujamkabidhi mpangaji funguo: mambo ya gesi kwa wenye nyumba Uingereza

Umenunua nyumba Leicester au Reading, sasa unarudi Dar na ndani unaacha wapangaji. Au huna nyumba ya pili, ila una chumba cha ziada unakoishi, umempa kijana aliyefika juzi akuchangie kodi. Kwa sheria ya gesi nyote wawili ni wenye nyumba. Hata wewe uliyepanga nyumba nzima kisha ukaigawa vyumba kwa wenzako, usijitoe: nawe unaweza kubeba jukumu pamoja na mwenye nyumba wa awali.

Kanuni zenyewe ni za mwaka 1998, zinahusu England, Scotland na Wales. Zinakudai mambo matatu. Vifaa vya gesi ulivyoviweka, mabomba na njia za kutolea moshi vitunzwe viwe salama. Ukaguzi ufanyike kila miezi 12. Na karatasi ya ukaguzi imfikie mpangaji. Ukimtumia wakala, iandikwe kwenye mkataba nani anamwita fundi na nani anatunza karatasi. "Nilidhani wakala ameshafanya" si jibu.

Anza na fundi. Lazima awe kwenye Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Ukisikia mtu anajinadi kwa CORGI, daftari la zamani, jua yuko nyuma ya wakati, kwani Gas Safe ilichukua nafasi hiyo tangu tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kitambulisho na usione haya. Mbele kuna picha, namba na tarehe ya mwisho. Kigeuze, maana nyuma ndiko kumeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya boila na asiwe na ruhusa ya hita ya ukutani. Yule jamaa yetu anayefunga mabomba, anapaka rangi na kubeba mizigo kwa bei ya undugu, mwache apake rangi.

Karatasi sasa, ile ambayo wengi wetu tunaiita cheti cha gesi. Mpangaji aliyemo ndani apewe nakala ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi. Mpangaji mpya apewe kabla hajahamia. Wewe hifadhi za kwako miaka miwili kwa uchache. Tangu Aprili 2018 unaweza kukagua ndani ya miezi miwili ya mwisho bila kupoteza tarehe yako ya mwaka, kwa hiyo huna sababu ya kungojea wiki ya mwisho ya Desemba, wakati boila za mji mzima zinaharibika na fundi hapokei simu.

Halafu uisome. Hapa nitakaa kidogo.

Niliitwa kumtafsiria mama mmoja hospitalini, katika mji mmoja wa Midlands. Alikuwa amelazwa pamoja na mtoto wake mdogo. Nyumba waliyokuwa wakiishi ina vyumba vitatu vya kulala, lakini kaya zilikuwa nne, kwa kuwa sebule ilishageuzwa chumba. Mnaijua habari hiyo: kitanda mahali pa kochi, pazia zito, kitasa chenye ufunguo mlangoni. Kwenye dohani ilibaki hita ya gesi ya zamani, ile yenye makaa ya bandia, na mwenye nyumba hakuiondoa kwa sababu kuondoa ni pesa. Majira ya joto hakuna aliyeishughulikia. Baridi ilipoingia, kuwasha boila kukawa ni kupasha nyumba nzima na ugomvi wa bili juu yake, basi yule mama jioni akawa anawasha hita yake, anafunga mlango, analala na mwanawe.

Akaanza kuamka kichwa kinamgonga. Kichefuchefu, miguu haina nguvu, mtoto anatapika na kulala kupita kawaida. Mmoja akamwambia ni mafua ya huku, azoee. Mwingine akasema ni malaria aliyorudi nayo likizo. Jumamosi akienda kwa dada yake anapata nafuu, mtoto anacheza. Jumapili usiku akirudi, yanaanza upya. Hapo wenzake wakaanza minong'ono kwamba chumba kile kina mambo, na kuna aliyependekeza kisomo. Nasema hivi bila kumcheka mtu, kwani hewa iliyokuwa ikiwaumiza, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na mwenye kuivuta haoni cha kulaumu. Hata ile harufu kali ya gesi tuliyoizoea imetiwa makusudi kwenye gesi yenyewe. Kaboni monoksaidi inatoka gesi inapoungua vibaya, na haitiwi chochote. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni.

Usiku mmoja akaanguka kwenye korido. Wenzake wakaita ambulensi. Daktari alipouliza nyumba inapashwa joto na kitu gani, nikamtafsiria mama, naye akanijibu, "Kuna hita tu, dada, ndogo." Wakavalishwa barakoa za oksijeni wote wawili, na wakapona.

Fundi aliyekwenda kesho yake alikuta njia ya dohani imezibwa na vijiti vya kiota cha ndege. Moshi wote ulikuwa ukirudi chumbani. Akakata gesi na kubandika lebo ya hatari. Mwenye nyumba alipoulizwa, akatoa cheti, na cheti kilikuwa hai! Kimeorodhesha boila na jiko. Hita haimo. Siku ya ukaguzi alimwambia fundi kwamba ile haitumiki, na siku hiyo kweli hakuna aliyekuwa analala sebuleni.

Kwa hiyo shika karatasi mkononi, zunguka chumba kwa chumba, na kila kifaa cha gesi unachokiona kiwe kimeandikwa humo. Kisichotumika kikatwe kwenye bomba na kuzibwa na fundi aliyesajiliwa. Kufunga koki tu hakutoshi, koki hufunguliwa. Na ukitaka kugeuza sebule iwe chumba cha kulala, mwite fundi kabla ya kuleta kitanda. Chumba cha kulala kina masharti yake: kifaa cha zaidi ya kilowati 14 lazima kiwe cha aina iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje. Cha chini ya hapo, kama si cha aina hiyo, lazima kiwe na kidude cha kukizima chenyewe kabla hewa haijawa sumu. Hita nyingi za zamani hazina hata kimoja.

King'ora cha kaboni monoksaidi. England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, ni lazima kiwepo katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma mafuta, gesi au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Wewe weka na jikoni vilevile, bei yake haifiki ya viatu. Kiwe usawa wa kichwa, kama mita 1 hadi 3 kutoka kwenye kifaa. Kijaribu siku mpangaji anapoingia, akiwepo. Angalia na tarehe ya mwisho nyuma yake, maana ving'ora huisha muda hata betri ikiwa nzima. Faini ya kupuuza, ukiwa umeshaonywa na halmashauri, inaweza kufika paundi 5,000.

Matundu ya hewa ukutani. Watu wetu hawapendi upepo wa baridi, wanayaziba kwa matambara na magazeti. Mweleze mpangaji kwa Kiswahili tundu lile lina kazi gani, siku ya kwanza, na ukipita tena litazame.

Mpangaji asipokufungulia fundi aingie, usivunje mlango. Andika barua, pendekeza siku nyingine, andika tena, hifadhi nakala na ujumbe wa simu. Ukiulizwa, lazima uonyeshe ulijitahidi kwa kila njia ya haki. Jiko alilolinunua mpangaji mwenyewe si lako kukagua, lakini bomba linalolifikia ni lako.

Na nyie wapangaji, ombeni karatasi kabla ya kulipa amana. Moto wa gesi uwe wa buluu uliosimama. Ukiwa wa njano na kulegea, au ukutani pana masizi, zima, mpigie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja, hata paka amelegea, tokeni nje na mwambieni daktari neno "kaboni monoksaidi" kwa kinywa chenu. Mkisikia harufu ya gesi, fungeni koki kwenye mita, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote, tokeni, pigeni 0800 111 999. Ni bure, usiku na mchana. Namba hiyo ibandikwe kwenye mlango wa friji, na kila aliyemo ndani aonyeshwe koki ya mita iko wapi, akiwemo mgeni aliyekuja wiki mbili.

Jiko la mkaa la nyama choma lisiingizwe ndani mvua ikianza, wala lisiachwe kwenye korido "lipoe". Sufuria kubwa la pilau lisifunike mafiga yote manne ya jiko la gesi kwa masaa huku madirisha yamefungwa. Msikaushe nguo juu ya hita. Na ukiwa huko umeme nao una ukaguzi wake, England ni kila miaka mitano, basi angalia tarehe yake usikute imepita.