Kuwasha swichi za roketi kubwa: mpangilio ninaoufuata

Altimita ya roketi yangu ya burudani, yaani kifaa cha kielektroniki kinachofyatua parachuti, haipati umeme hadi roketi isimame kwenye reli ya kurushia, pua juu. Mezani hapana, begani hapana. Hupima mwinuko kwa kanieneo ya hewa, kwa hiyo upepo ukiingia vibaya kwenye matundu inaweza kudhani imeshapaa, ikalipua baruti ya kutoa parachuti mikononi mwako.

Napenda swichi ya skrubu: napenyeza bisibisi ndogo kwenye tundu la ubavuni na kukaza mpaka ikome. Ya kutelezesha siiamini, hasa ikikaa sambamba na urefu wa roketi, maana mshtuko wa kuruka unaweza kuizima. Kusokota nyaya kwa vidole, ndiyo kabisa sitaki.

Uso kaa nao pembeni. Washa, kisha sikiliza. Altimita nyingi hutoa milio kuonyesha kama viwashio vya baruti vimeunganika. Mlio mmoja ukikosekana, zima, teremsha. Altimita zikiwa mbili, isikilize ya kwanza hadi mwisho ndipo uwashe ya pili.

Kiwashio cha mota, yaani injini ya roketi, huingia mwisho kabisa, baada ya kugusanisha klipu za nyaya za umeme wa kurushia kuhakikisha hazitoi cheche. Ukiahirisha, hicho ndicho cha kwanza kutoka, swichi baadaye.